Mjomba Mwenye Mama Wawili

"Mimi nimekufa lini?" Bibi akauliza tena, na safari hii aligonga mkongojo sakafuni.

Mkuu wa Kumbukumbu akatabasamu. Alikuwa na lile tabasamu la watu wa maofisini, linaloanzia kwenye meno na kuishia hapo hapo. Akaizungusha skrini ili Bibi aone mwenyewe.

"Mwezi uliopita, mama. Samahani sana. Ndivyo mfumo unavyosema."

"Mfumo umeniona maiti?"

"Mfumo hauoni, mama. Mfumo unaandikiwa."

"Unaandikiwa na nani?"

Mkuu alimtazama mpelelezi aliyekaa pembeni ya Bibi, kama mtu anayeomba msaada wa kumtuliza mzee. Aliomba kwa mtu asiyefaa. Kituoni kwao mpelelezi huyo alikuwa akiitwa Shubiri, kwa siri, na siri yenyewe alishaijua siku nyingi wala hakuona sababu ya kuipinga. Asubuhi ile alikuwa mchungu kuliko jina lake.

"Amekuuliza swali," Shubiri akasema. "Jibu."

Habari ilikuwa hivi. Gari lilipinduka. Binti wa Bibi, mtoto pekee aliyemzaa maishani mwake, akafia pale pale. Bibi akavunjika mguu, akalazwa. Mjukuu wake, kabinti ka miaka mitano ambaye baba yake hakujulikana, alitoka bila hata mchubuko, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumshika, akapelekwa makao ya watoto mpaka bibi yake apate nafuu. Bibi alipotoka hospitali hakupita hata kwake. Alikwenda makaoni moja kwa moja na mkongojo wake, akaambiwa mtoto ameshachukuliwa na mjomba wake. Mjomba gani? Bibi hakuwahi kuzaa mtoto wa kiume. Wakamwonyesha karatasi iliyotoka kwenye mfumo: bibi wa mtoto, marehemu; ndugu pekee aliye hai, mjomba. Kitambulisho kilikuwa halali na alama za vidole zilikubali. Wakamkabidhi mtoto, wakamfungia na vitafunwa vya njiani.

Shubiri alikuwa ameshampotezea mlezi mkuu wa makao nusu ya siku nzima, akimkamua kama nguo mbichi, mpaka akaridhika kwamba yule mama hana kosa zaidi ya kuamini karatasi. Anwani ya mjomba ilikuwa kiwanja kitupu kilichoota magugu. Simu yake haipatikani. Kibaya zaidi, mjomba huyo alikuwa ametia saini ruhusa ya mtoto kuvuka mpaka na hati ya kusafiria ilishatoka. Mtoto angeweza kupanda ndege wakati wowote, na akishatua nchi ya watu, nani atamwuliza mjomba wake ni nani?

"Mrudisheni Bibi hai kwanza," Shubiri akasema. "Halafu tuzungumze."

"Si rahisi hivyo, afande. Kumrudisha ni kufuta rekodi ya kifo. Kufuta kunahitaji vidole viwili, changu na cha Mhandisi wa mfumo. Na mimi nimeshakabidhi kazi." Akaonyesha makasha yaliyopangwa ukutani na utepe wa gundi juu ya meza. "Nahamishiwa ubalozini. Naondoka kesho na mke wangu. Hatuna watoto, kufungasha kwetu ni mara moja. Mrithi wangu akifika, atalishughulikia."

"Atafika lini?"

"Mwezi ujao, nadhani."

"Na kumuua kulihitaji vidole vingapi?"

Mkuu akakohoa. "Kuandika kifo ni kuongeza rekodi. Kuongeza anaweza karani yeyote, peke yake."

Bibi alicheka kicheko kikavu. "Kwa hiyo hapa kwenu kuniua ni kazi ya mtu mmoja, kunifufua mpaka kikao."

Shubiri alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Akataka kujua ni akaunti ya nani iliyoandika kile kifo na yule mtoto wa kiume wa kupandikizwa. Mkuu, lazima tumpe haki yake, hakusita hata kidogo. Akabonyeza, akasoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Rekodi zote mbili ziliandikwa siku moja na Karani wa dirisha la tatu.

"Mama wa watu," akasema. "Sikumtegemea. Mkamateni tu, afande, mimi sitamtetea."

Karani wa dirisha la tatu akaitwa. Alikuwa mama mnene, mikono kaikunja kifuani, na hakuonyesha dalili ya kutetemeka.

"Akaunti ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliandika wewe kwamba huyu mama amefariki?"

Karani akamtazama Bibi kutoka kwenye kilemba hadi kwenye mkongojo. "Shikamoo, mama. Hapana, sikuandika."

"Marahaba," Bibi akaitikia. "Angalau wewe umenisalimia."

"Sasa nani aliandika kwa akaunti yako?"

"Afande, huu mfumo asubuhi unachukua karibu nusu saa kufunguka. Ukiufunga umejitakia. Basi anayewahi kufika ndiye anayeufungua, na wengine wote tunautumia hivyo hivyo mpaka jioni. Anayewahi kufika ni mimi. Kwa hiyo ofisi nzima humo ndani inaitwa mimi."

"Nani aliwahi kukaa kwenye kiti chako?"

"Niulize nani hajakaa. Hata mfagiaji kaingia kuangalia kama mkwewe ana mke wa pili."

"Alikuwa naye?"

"Alikuwa naye."

Mkuu akasema kwa ukali kwamba huo ni uzembe, na kwamba kwa uzembe huo tu mama huyu anastahili kulala mahabusu. Shubiri alikuwa karibu kumkubalia. Siku tatu alikuwa akitafuta mtu wa kumshushia hasira zake, na huyu hapa, kaletwa kama chai mezani. Lakini mtu wa kuiba mtoto kwa jina lake mwenyewe, kisha akabaki dirishani akihudumia watu, angekuwa mwehu, na Karani huyu alionekana na akili zake timamu. Akamruhusu arudi kazini. Mkuu akainua mabega, akarudi kwenye makasha yake.

Chumba cha Mhandisi kilikuwa ukuta wa pili. Baridi humo ilikuwa ya kujifunika blanketi, kwa ajili ya mashine, na mwenyewe alivaa sweta lililofumuka viwiko. Mfumo aliutengeneza yeye tangu mwanzo, na alikuwa na wivu nao kama mtu mwenye mke mrembo. Kupitia ukutani walisikia utepe wa Mkuu ukichanwa, kraa, kraa, kasha moja baada ya jingine.

"Kabla hujasema neno," Mhandisi akaanza, "mfumo wangu hauna tatizo. Watu ndio wana tatizo."

"Huyu hapa mmoja wao," Shubiri akasema, akamvutia Bibi kiti. "Mfumo wako umemuua."

Mhandisi akamwona Bibi akiinua mguu wake kwa mikono miwili kuuweka sawa. Akanywea kidogo.

"Niambie," Shubiri akasema, "uhusiano wa mjomba umeandikwa wapi humo?"

"Haujaandikwa popote. Hatuandiki mjomba, wala shangazi, wala binamu. Ningeandika yote hayo, kila anapozaliwa mtoto ningekesha." Akachukua karatasi, akachora visanduku. "Kuna jedwali la watu. Kila mtu mstari wake: namba, jina, tarehe. Kisha kuna jedwali la pili, la kamba zinazowafunga. Kamba ni za aina tatu tu: nani mama, nani baba, nani mwenza. Mengine mfumo unayatafuta wenyewe ukiulizwa. Ukitaka mjomba wa mtoto, unapanda kwa mama yake, unapanda tena kwa mama wa mama, halafu unashuka kwa watoto wa kiume."

"Kwa hiyo aliyetaka kumpa mtoto huyu mjomba wa bandia..."

"Aliongeza kamba moja tu. Kwamba mwanamume fulani ni mtoto wa huyu bibi. Ujomba ukajitokeza wenyewe."

"Na ukiuliza mfumo kama ni kweli?"

"Mfumo haujui kweli. Unajua kamba."

Shubiri alisimama, akazunguka chumba. Siku zote tatu alikuwa akiuliza kama walivyouliza makaoni, kuanzia kwa mtoto, na mfumo ulimjibu kama ulivyowajibu wao. Mjomba, mjomba, mjomba. Lakini mtu mwenye kitambulisho halali na vidole halali hakushuka na mvua. Ana aliyemzaa.

"Geuza swali," akasema. "Mtoto mwache. Anza na huyu mwanamume. Nataka mama yake."

"Mama yake ni Bibi hapo."

"Uliza hivyo hivyo."

Mhandisi akaandika kwa uvivu wa mtu anayejua jibu. Kisha akajisogeza karibu na skrini, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Wamekuja wawili," akasema. "Mama wawili."

"Ndiyo huo mfumo usio na tatizo?"

"Niliacha nafasi kwa makusudi," Mhandisi akajitetea. "Kuna mama wa kuzaa, kuna mama wa kulea. Nilitaka niweke na aina ya umama, ili mfumo ukatae mtu kuzaliwa mara mbili. Nikasema hilo nitaliongeza baadaye."

"Baadaye ndiyo lini?"

"Ilikuwa miaka ile tunaanza."

"Mwanangu," Bibi akasema, "mimi ni mshonaji. Sijawahi kumkabidhi mteja gauni nikamwambia shingo nitaitoboa baadaye."

Shubiri akainama juu ya bega la Mhandisi. Kamba ya Bibi iliandikwa mwezi uliopita. Kamba ya mama wa pili ilikuwa ya zamani, ya tangu mfumo unaanza, na mama huyo alikuwa marehemu wa kweli, mwenye cheti na mahali alipozikwa.

"Kwa nini hakuifuta hii ya zamani? Angeifuta, tusingekuwa na la kushika."

"Kwa sababu ya kidole changu," Mhandisi akasema. Sauti yake ilikuwa imepata uhai. "Kila kinachofutwa kinapita kwangu, na mimi nauliza. Nauliza mpaka watu wananichukia. Mtu kumfuta mama yake mzazi? Ningemwita hapa akae kwenye hicho kiti."

"Basi anakujua. Anajua kwako hapiti, akaona heri aongeze tu, ya zamani aiache." Shubiri akavuta kiti. "Huyo mama wa zamani. Shuka kwa watoto wake."

"Wawili. Huyu mwanamume, kazi yake dereva wa lori. Na dada yake."

"Dada yake ana watoto?"

"Hakuna kamba."

"Mwenza?"

Mhandisi akabonyeza. Ikaja namba, na kabla jina halijafunguka mkono wake ulikuwa umeshaondoka kwenye kipanya.

"Hii namba naijua," akasema polepole. "Naiona pembeni ya namba yangu kila tunapofuta kitu."

Shubiri alihitaji pumzi moja tu kuelewa. Mjomba wa mtoto alikuwa shemeji. Shemeji wa yule wa ukuta wa pili, mwenye meno. Wakatega masikio wote watatu. Utepe ulikuwa umenyamaza.

Ofisi ya Mkuu ilikuwa tupu, na lile kasha la juu limeachwa wazi. Karani wa dirisha la tatu aliwaambia kwamba bosi ametoka mbio, koti mkononi, bila kuaga mtu. Hakungoja kuulizwa anakaa wapi. Aliandika njia ya kwenda kwake nyuma ya fomu, na ramani akachora.

"Wewe baki, mama," Shubiri akamwambia Bibi.

"Nibaki wapi? Kaburini?" Bibi akajibu, akatangulia garini.

Ilikuwa nyumba ya geti la bluu mwisho wa mtaa, na gari liko mlangoni, buti wazi. Ndani ya buti mlikuwa na masanduku mawili makubwa na moja dogo la rangi ya waridi. Shubiri alilitazama lile dogo akakumbuka kauli ya "hatuna watoto", na alijikaza asiupige teke mlango. Askari wake wawili wakazunguka nyuma. Yeye akabisha.

Alifungua mke. Aliona sare nyuma ya Shubiri, akaona na mkongojo, akashika ukuta. Mumewe alitokea ukumbini na funguo mkononi. Safari hii hakutabasamu.

"Afande, naomba tuongee kama watu wazima."

"Mtoto yuko wapi?"

"Anakula. Ana chumba chake, ana nguo, ana kila kitu. Sikumdhuru."

"Sikukuuliza kama umemdhuru."

"Miaka na miaka tuko kwenye foleni ya kuasili," Mkuu akasema, na sauti ikampanda. "Kila mwaka tunaambiwa mwakani. Mke wangu ameshona nguo za mtoto, zikapitwa na wakati, akashona nyingine. Wewe unajua hilo? Nani alikuja kutufungulia jalada sisi?"

"Mbona huyu? Ulimjuaje huyu?"

Mkuu akazungusha funguo kidoleni.

"Uliuliza mfumo," Shubiri akasema. "Uliuliza nini?"

"Niliuliza watoto waliobaki na kamba moja tu ya kuwafikisha kwa ndugu aliye hai."

Hata askari aliyekuwa ameingia kwa mlango wa nyuma alisimama. Shubiri alitamani amzabe kibao, kibao kimoja cha kiganja kizima, na akifukuzwa kazi angekuwa na miaka ya kupumzika nyumbani akikifikiria. Akatoa pingu badala yake.

"Na hiyo moja ukaikata."

"Bibi ni mzee, mguu umevunjika," Mkuu akasema. "Niliona hata akipona..."

"Sema usoni kwangu," Bibi akasema kutoka mlangoni. "Hata nikipona nini? Endelea. Ulipokaa kwenye kiti cha yule mama ukaniandika maiti, mimi nilikuwa kitandani namlilia binti yangu ambaye hata kumzika sikumzika. Mjukuu wangu ndiye aliyenifanya nikubali kumeza uji. Endelea basi, baba. Hata nikipona nini?"

Mke wa Mkuu alikuwa ameketi sakafuni, analia kimyakimya. Hakuna aliyemwinua.

Mlango wa jikoni ukasogea. Kabinti kalisimama pale na kijiko mkononi, nywele zimesukwa upya, gauni jipya lenye mikunjo ya pasi. Kalimwona Bibi. Badala ya kukimbilia, kakarudi nyuma hatua nzima, kakajificha nyuma ya ubao wa mlango.

"Mama mkubwa," Bibi akaita, jina alilozoea kumtania nalo. "Ni mimi."

"Wewe umekufa."

"Nani kasema?"

"Baba mpya. Alinionyesha kwenye kompyuta. Nilikataa, akanionyesha tena."

Bibi hakulia. Alijishusha chini pale ukumbini, mguu mbovu ameunyoosha mbele, na sura yake ilikunjika kwa maumivu mpaka Shubiri akapeleka mkono. Bibi akausukuma. "Njoo unishike," akamwambia mtoto. "Ukikuta nina baridi, rudi kwenye chakula chako."

Ilichukua muda. Mkono ukatangulia, na kijiko bado kipo ndani yake. Ukagusa goti, ukagusa shavu. Kisha mtoto mzima akamwangukia Bibi na kelele moja, na kile kijiko kikamgonga Bibi kichwani.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Shubiri alipiga simu ustawi wa jamii kuwaarifu kwamba mtoto anarudi kwa bibi yake, na sauti ya upande wa pili, ya upole kabisa, ikamwambia kwamba haiwezekani. Mtoto hawezi kukabidhiwa kwa marehemu. Itabidi arudi makaoni mpaka rekodi isahihishwe, na mwenye mamlaka ya kuisahihisha amehamishwa.

"Hajahamishwa," Shubiri akasema. "Yupo hapa, nimemshika mkono."

Ndiyo maana jioni ile, ofisi zikiwa zinafungwa, watu wa dirishani walisimama kumtazama bosi wao akipitishwa ukumbini na pingu, askari mmoja kila upande. Walimkalisha kwenye kiti cha Karani wa dirisha la tatu, kwa kuwa mfumo ulikuwa wazi hapo, kama kawaida. Mhandisi akaleta kifaa cha vidole. Habari ilikuwa imefika kwamba yule dereva wa lori naye kashikwa alikojificha kwa rafiki yake, na amemtaja shemeji yake kabla hata hajaulizwa.

Mhandisi akaweka kidole chake. Mashine ikalia. Mkuu akabaki ameinua chake hewani.

"Nikiweka," akasema chini chini, "utaandika kwamba nimetoa ushirikiano?"

"Nitaandika kwamba una vidole," Shubiri akasema. "Weka."

Akaweka. Lile neno "marehemu" lililosimama mbele ya jina la Bibi likatoweka, likaja jingine, fupi. Mtoto, aliyekuwa amembana Bibi shingoni, akauliza pameandikwa nini.

"Pameandikwa niko hai," Bibi akasema.

"Bado mwanao wa kiume," Mhandisi akakumbusha.

"Mtoe. Sikumzaa, sikumlea, hata kwa sura simjui."

Vidole viwili tena. Mashine ikalia, kamba ikafutika, na juu ya mtoto ikabaki ile mistari yake ya kweli: Bibi aliye hai, na chini yake mama, na neno lile la "marehemu" mbele ya jina lake. Mtoto hakujua kusoma, lakini umbo la neno lile alikuwa ameonyeshwa mara mbili, akalitambua. Akanyoosha mkono, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya jina la mama yake. Kisha akamgeukia Mkuu wa Kumbukumbu, kwa sababu ndiye aliyemwona akibonyeza.

"Na mama," akasema. "Mbonyeze na mama."

Mkuu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa pingu. Mhandisi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Shubiri akanyoosha mkono, akaizima skrini.